Kiunzi na Kambi: John Akii-Bua, Polisi wa Uganda na Maisha ya Mruka Viunzi wa Kimataifa, 1949–1997

Utangulizi

Tarehe 2 Septemba 1972, katika uwanja wa Olimpiki wa Munich, askari polisi kutoka Uganda alipangiwa njia ya kwanza katika fainali ya mbio za kuruka viunzi mita 400. Wakimbiaji wa masafa hayo hawaipendi njia hiyo. Kona yake ndiyo inayobana kuliko zote, na anayeikimbia huwaona wenzake wote wamewekwa mbele yake kwenye vianzio, kana kwamba wamekwisha kumpita kabla bunduki haijalia. Sekunde 47.82 baadaye John Akii-Bua alikuwa bingwa wa Olimpiki, na rekodi ya dunia iliyowekwa na Mwingereza David Hemery mwaka 1968 huko Mexico, yaani sekunde 48.12, ilikuwa imevunjwa. Hapakuwa na mtu aliyewahi kukimbia umbali huo, pamoja na viunzi vyake kumi, chini ya sekunde 48. Mmarekani Ralph Mann alishika nafasi ya pili kwa sekunde 48.51, naye Hemery akawa wa tatu kwa 48.52. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Michezo ya Olimpiki. Kabla yake taifa hilo lilikuwa limepata medali za ngumi tu, zilizoletwa na Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo kutoka Mexico mwaka 1968.

Miaka sita na nusu baadaye bingwa huyo alivuka mpaka kuingia Kenya na familia yake akiwa mkimbizi. Alilikimbia jeshi ambalo kwa hesabu zote za kisiasa lilikuwa linakuja kuwakomboa watu wa kabila lake. Insha hii inakusudia kueleza jinsi matukio hayo mawili yanavyohusiana. Hoja inayotetewa humu ni kwamba taasisi iliyomtoa Akii-Bua kijijini na kumfikisha Munich, yaani jeshi la polisi la Uganda, ndiyo hiyo hiyo iliyomweka hatarini mwaka 1979. Kwa hiyo maisha yake hayawezi kuandikwa vizuri kama habari ya kipaji kilichochipuka porini, wala kama habari ya mwanamichezo wa Idi Amin. Masimulizi yote mawili yapo, tena yanapendwa. Lakini yote mawili yanairuka kambi ya polisi.

Ni haki msomaji aelezwe pia insha inaandikwa kutoka upande upi. Mwandishi ni mzaliwa wa Kwakoa, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare, mahali ambapo vita vya Kagera havijawa historia ya vitabuni peke yake. Kama ilivyokuwa katika sehemu nyingine za Tanzania, wanaume waliitwa mgambo wakaenda, na waliorudi walizeeka wakiisimulia Kampala. Katika masimulizi hayo tarehe 11 Aprili 1979 ni siku ya furaha, na waliokimbia siku zile ni watu wa Amin. Mtu aliyelelewa na masimulizi ya namna hiyo, akisoma kwamba miongoni mwa waliokimbia alikuwamo Akii-Bua, hana budi kujiuliza swali ambalo wazee hawakuwa na sababu ya kujiuliza. Swali hilo ndilo lililozaa utafiti huu.

Abako, baa na kambi

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 Abako, katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Watu wa huko huitwa Walangi, na msomaji wa Tanzania asiwachanganye na Warangi wa Kondoa, kwani hawana uhusiano wowote isipokuwa wa sauti ya jina. Baba yake alikuwa chifu katika utawala wa wakoloni, mwenye wake kadhaa na watoto 43. Takwimu hiyo ya watoto 43 imerudiwa na karibu kila mwandishi wa Ulaya na Marekani aliyemwandika, mara nyingi katika aya ya kwanza, ikifuatana na picha ya kijana mchunga ng'ombe. Si uongo. Alichunga ng'ombe kama walivyochunga vijana wengi wa rika lake kutoka Lira mpaka Upareni. Tatizo la picha hiyo ni kwamba haielezi chochote. Wachungaji walikuwa maelfu kwa maelfu, na aliyepunguza rekodi ya dunia ya viunzi alikuwa mmoja.

Jambo lenye uzito zaidi ni kifo cha baba, kilichomwachisha masomo akiwa bado kijana. Alifanya kazi katika baa ya kaka yake, kisha katikati ya miaka ya 1960 akajiunga na polisi na kupelekwa Kampala. Kwa kijana wa kaskazini asiyekuwa na cheti kikubwa, polisi na jeshi vilikuwa mlango ulio wazi, na haikuwa bahati mbaya ya kijiografia. Waingereza walizoea kuwaandikisha askari kutoka kaskazini na kuwaachia watu wa kusini kazi za ofisini na kilimo cha mazao ya biashara, na serikali ya Milton Obote, ambaye naye alikuwa Mlangi, ilirithi mpangilio huo baada ya uhuru wa mwaka 1962. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Wakati raia wengi wa Buganda walikitilia shaka Kiswahili kwa sababu kilinuka bunduki, askari wa Lango, Acholi, Teso na West Nile walikitumia kila siku kupokea amri na kutaniana. Kijana wa Abako aliingia hivyo katika dunia ya Afrika Mashariki kupitia gwaride.

Kambi hizo zilikuwa pia viwanja vya michezo. Tangu zama za King's African Rifles, maafisa wa Kiingereza waliamini kwamba riadha na ngumi huleta nidhamu na heshima ya kikosi, na Idi Amin mwenyewe alijulikana kwanza kwa ngumi zake kabla ya kujulikana kwa lolote lingine. Matokeo ya imani hiyo yanaonekana katika orodha za washindi. Tukiangalia mbio za viunzi peke yake, Bartonjo Rotich wa Kenya alipata medali ya shaba ya yadi 440 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Cardiff mwaka 1958, na Kimaru Songok akapata ya fedha huko Perth mwaka 1962. Kwa hiyo Akii-Bua hakutokea jangwani. Katika eneo letu kulikuwa tayari na mazoea ya miaka kumi na zaidi ya kukimbia mzunguko mmoja wenye viunzi, na katika polisi ya Uganda kulikuwa na mtu aliyeyajua mazoea hayo kwa mwili wake: Jorem Ochana, afisa wa polisi na mruka viunzi, ambaye alimwona askari huyo mpya, mrefu na mwepesi wa nyonga, akamwanzishia mafunzo.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwa ajili ya wasomaji wasioujua mchezo. Shuleni kwetu Kwakoa tulikimbia kila aina ya mbio katika kiwanja cha vumbi isipokuwa hizi, kwa sababu rahisi kwamba viunzi havikuwapo. Kuruka viunzi ni mchezo wa vifaa. Viunzi kumi kwa kila njia, mara njia sita au nane, ni mali. Vinahitaji fundi, ghala na mtu wa kuvipanga na kuvipangua. Mkimbiaji wa masafa marefu anaweza kujifua kwenye njia ya ng'ombe, lakini mruka viunzi hawezi. Ndiyo maana katika nchi zetu mchezo huu ulikaa pale palipokuwa na ghala la serikali: polisi, magereza, jeshi, na shule chache za bweni. Anayetaka kujua kwa nini bingwa alikuwa polisi, jibu la kwanza ni hilo.

Hesabu ya hatua

Mwaka 1968 Mwingereza Malcolm Arnold aliwasili Uganda kuwa kocha wa taifa wa riadha. Alikuwa kijana bado. Sifa zake kubwa zilikuja baadaye, alipomfundisha Colin Jackson aliyeweka rekodi ya dunia ya viunzi mita 110 mwaka 1993. Alimkuta Akii-Bua akikimbia mita hizo 110, akamshauri ahamie mita 400. Ushauri huo haukupokewa kwa shangwe, na haishangazi. Mbio za mita 110 huisha kabla maumivu hayajaanza. Zile za mita 400 huanza kama mbio fupi na kuishia kama adhabu.

Katika mbio hizo kiunzi cha kwanza huwekwa mita 45 kutoka mwanzo, kisha kila kimoja hufuata baada ya mita 35, na baada ya kiunzi cha kumi hubaki mita 40. Kila kiunzi kina urefu wa sentimita 91.4. Ugumu mkubwa umo katika zile mita 35 zaidi ya urefu wenyewe. Mkimbiaji bora huzikata kwa hatua 13 akiwa na nguvu, lakini miguu inapochoka hatua hufupika, na hesabu ya 13 haifiki tena. Sasa, idadi ya hatua ikiwa witiri, mkimbiaji huvuka kiunzi kwa mguu ule ule wa kutangulia kila mara. Ikiwa shufwa, mguu hubadilika. Wengi wamezoea mguu mmoja tu, hivyo wakishindwa kutimiza hatua 13 hulazimika kurukia 15, na hatua mbili zinazoongezwa ghafla hupunguza kasi kana kwamba mtu ameshika breki. Akii-Bua aliweza kutangulia kwa mguu wowote. Kwa hiyo alipochoka alishuka kutoka hatua 13 hadi 14, na kasi yake ilipungua polepole mahali ambapo ya wenzake ilikatika.

Uwezo huo haukuwa wa kuzaliwa nao tu. Arnold alimkimbiza milimani Kabale, kusini magharibi mwa nchi, akamvalisha koti lenye uzito wa risasi, na akampangia mazoezi juu ya viunzi vya sentimita 106.7, ambavyo ndivyo vya mita 110, ili vile vya mashindano vionekane vifupi. Mwandishi wa insha hii anakiri kwamba katika kusoma habari za mazoezi hayo amevutiwa zaidi kuliko na habari za Munich. Humo mnaonekana kazi ya miaka minne ya watu wawili, ikilipiwa na mshahara wa polisi.

Maendeleo yanapimika. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 alishika nafasi ya nne kwa sekunde 51.14. Nafasi ya pili siku hiyo ilichukuliwa na William Koskei, aliyekimbia kwa bendera ya Uganda na ambaye baadaye alikimbia kwa bendera ya Kenya, na ya tatu na Mkenya Charles Yego. Wanariadha watatu wa Afrika Mashariki walikuwa basi miongoni mwa wanne wa kwanza, na Akii-Bua alikuwa wa mwisho kati ya hao watatu. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Afrika na Marekani yaliyofanyika Durham, North Carolina, alishinda kwa sekunde 49.0. Alikuwa amepunguza zaidi ya sekunde mbili katika mwaka mmoja. Waliomwona Durham hawakupaswa kushangaa Munich, ingawa wengi walishangaa.

Fainali yenyewe inaweza kusimuliwa kwa ufupi. Hemery alitoka kwa kasi kubwa na kuongoza nusu ya kwanza. Katika kona ya mwisho alianza kulipa deni la kasi hiyo, wakati Akii-Bua, akitokea ndani kabisa ya uwanja, alikuwa bado anahesabu hatua zake bila kuyumba. Katika unyoofu wa mwisho mashindano yalikwisha, na pengo la sekunde 0.69 kati ya wa kwanza na wa pili ni kubwa mno kwa fainali ya Olimpiki ya masafa hayo. Kisha mshindi hakusimama. Aliendelea kukimbia kuzunguka uwanja, akiruka tena viunzi, vingine vya kweli na vingine vya kuwaza, huku watazamaji wakimshangilia. Wako wanaosema kwamba desturi ya bingwa kuzunguka uwanja kwa furaha ilipata umaarufu kutoka kwake. Siku tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, wanariadha wa Israeli walishambuliwa katika kijiji cha Olimpiki, na dunia ikasahau mambo ya viunzi.

Mfano wa Mlangi

Ili kuelewa ushindi huo ulipokewaje nyumbani, ni lazima kuiangalia kalenda ya Uganda ya mwaka ule. Amin alikuwa amempindua Obote tarehe 25 Januari 1971. Katika miezi iliyofuata askari wengi wa Kilangi na Kiacholi waliuawa kambini kwa sababu ya asili yao. Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akiwapa siku 90. Tarehe 2 Septemba Akii-Bua alishinda. Tarehe 17 Septemba, siku 15 tu baadaye, wafuasi wa Obote waliokuwa wamekimbilia Tanzania walivuka mpaka kuivamia Uganda, wakashindwa vibaya. Tarehe 21 Septemba Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani na hakuonekana tena.

Katika wiki hizo, basi, jina la Mlangi lilikuwa jina la kufa nalo, na shujaa mkubwa kuliko wote wa taifa alikuwa Mlangi. Amin aliutumia mkanganyiko huo kwa ustadi. Alimpandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Alimtaja pia kuwa mfano wa Mlangi aliyefanikiwa chini ya utawala wake, ushahidi wa kuwaonyesha wageni kwamba serikali haikuwa na chuki ya kabila. Tusiharakishe kumhukumu aliyetajwa hivyo. Askari polisi hachagui nani ampandishe cheo, na katika Uganda ya wakati ule kukataa nyumba ya rais lilikuwa tendo lenye gharama inayojulikana. Lakini tusipunguze pia uzito wa jambo lenyewe. Kila zawadi ilikuwa kamba, na kila mtu mtaani aliiona ilikofungwa.

Kama mwanariadha aliendelea vizuri kwa muda. Januari 1973 alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika ya Lagos. Rekodi yake ya dunia ilidumu karibu miaka minne. Hata hivyo, Arnold alikuwa ameondoka Uganda, na fursa za kushindana nje zilipungua kadiri nchi ilivyotengwa. Mkimbiaji wa kiwango chake huhitaji wapinzani kama kisu kinavyohitaji kinoo, na wapinzani walikuwa Ulaya na Marekani.

Kisha ukaja mwaka 1976, na hapa Tanzania inaingia katika maisha yake kwa mara ya kwanza. Timu ya ragbi ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini mwaka huo huo ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi, na nchi za Afrika zikadai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Dai lilipokataliwa, zaidi ya nchi 20 ziliondoka. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo, na gharama yake tunaijua: Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakukutana na John Walker wa New Zealand, na Walker akatwaa dhahabu. Uganda nayo haikushiriki. Tarehe 25 Julai 1976 Mmarekani asiyejulikana sana, Edwin Moses, alishinda viunzi mita 400 chini ya sekunde 47.7 na kuichukua rekodi ya Akii-Bua bila mwenyewe kuwapo njiani. Nyerere na Amin, mahasimu wasioweza kukaa meza moja, walikubaliana juu ya Montreal. Msimamo ulikuwa sahihi, na mwandishi hana nia ya kuupinga. Lakini walioulipa ni wanariadha wachache wenye miaka michache ya ubora, na historia ya kususia huko huandikwa mara nyingi kana kwamba waliosusia walikuwa mawaziri.

Aprili 1979

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tanzania ilikusanya jeshi, polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo, na ndani ya miezi michache nguvu yake ikapita watu laki moja. Pamoja nao walikwenda Waganda waliokuwa uhamishoni, wakiwamo wengi wa Lango na Acholi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni askari wa Tanzania walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Kwa Mlangi wa kawaida hayo yalikuwa mageuzi ya neema. Obote angerudi, na waliojificha wangetoka. Akii-Bua alipaswa kuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Badala yake alikimbilia Kenya na familia yake, akihofia kuhesabiwa kuwa mshirika wa Amin. Hofu hiyo ndiyo kiini cha swali letu, na inaeleweka tu tukikumbuka alikuwa nani machoni pa mtu mwenye bunduki barabarani. Alikuwa afisa wa polisi wa serikali inayoanguka, aliyepandishwa cheo na rais kwa mkono wake na kuishi katika nyumba aliyopewa naye. Kijana wa mgambo kutoka Upareni, au Mganda aliyekuwa uhamishoni kwa miaka minane, hakuwa na njia ya kusoma chini ya mavazi hayo kwamba mtu huyu naye alikuwa ameishi kwa kubahatisha. Kabila lake lilimweka hatarini wakati wa Amin, na sare yake ikamweka hatarini Amin alipoondoka. Kilichomlinda katika kipindi cha kwanza ndicho kilichomshtaki katika cha pili.

Nimewahi kujiuliza kama hofu yake ilikuwa na msingi, au kama angebaki angebebwa juu ya mabega. Swali hilo halina maana kwa aliyekuwa na watoto wa kuwatoa mjini. Katika siku zilizofuata kuanguka kwa mji, uporaji na kulipizana kisasi Kampala ni mambo yanayojulikana, na wazee wetu waliokuwapo hawayafichi, ingawa huyasimulia kwa sauti ya chini kidogo kuliko habari za mapigano.

Nchini Kenya bingwa wa Olimpiki aliwekwa katika kambi ya wakimbizi. Aliyemtoa hakuwa serikali yoyote wala chama chochote cha riadha. Ilikuwa kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa, iliyomsaidia kufika Ujerumani Magharibi na kumpa kazi kwa miaka mitatu au minne. Kuna kejeli hapa ambayo mtafiti wa historia ya michezo hapaswi kuiacha ipite. Inasimuliwa kwamba viatu alivyovaa Munich vilikuwa vikuukuu, kimoja kikiwa kimepoteza msumari. Mwanariadha wa ridhaa, aliyekatazwa kwa kanuni za zama zake kulipwa kwa ajili ya mbio, aliokolewa na uhusiano wa kibiashara wakati taasisi zote rasmi zilipokuwa zimeyeyuka.

Mwaka 1980 alikwenda Moscow na kukimbia tena kwa bendera ya Uganda. Mambo yalikuwa yamepinduka. Nchi aliyokuwa akiishi, Ujerumani Magharibi, ilisusia Michezo hiyo pamoja na Marekani na Kenya, kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Uganda na Tanzania zilishiriki. Nyerere alikuwa amekataa hata kumpokea Muhammad Ali, aliyetumwa Dar es Salaam na Rais Carter kuomba Tanzania isusie. Moses hakuwapo, na dhahabu ya viunzi mita 400 ilichukuliwa na Volker Beck wa Ujerumani Mashariki kwa sekunde 48.70, muda ambao Akii-Bua wa mwaka 1972 angeushinda kwa karibu sekunde nzima. Lakini Akii-Bua wa mwaka 1980 alikuwa na miaka 30 na alikuwa ametoka kambini. Aliishia nusu fainali. Katika uwanja huo huo Filbert Bayi, askari wa jeshi lililoiteka Kampala, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akiwa ameongoza sehemu kubwa ya mbio. Kambi moja ya askari ilikuwa imeshinda vita na nyingine imeshindwa, na tofauti hiyo haikosi kuonekana katika majira ya wanariadha wake.

Baada ya mbio

Alirejea Uganda katika miaka ya 1980, akarudi polisi na kufundisha riadha. Huu ndio wakati usioandikwa sana, labda kwa sababu haukuwa na rekodi wala vita vya kuusindikiza. Nchi ilikuwa maskini, viwanja vimechakaa, na viunzi, kama ilivyoelezwa hapo juu, ni mali. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Thamani ya alichokifanya inaonekana vizuri zaidi kwa kulinganisha na waliomfuata. Agosti 2015, huko Beijing, Nicholas Bett wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa viunzi mita 400 kwa sekunde 47.79, akikimbia njia ya tisa, ya nje kabisa. Miaka 43 ya viatu vyepesi, lishe ya kisayansi na zawadi za fedha ilikuwa imepata sekunde 0.03 tu juu ya polisi wa Munich katika njia ya kwanza. Mwaka uliofuata Mkenya mwingine, Boniface Mucheru, alipata medali ya fedha ya Olimpiki huko Rio de Janeiro kwa 47.78.

Uganda yenyewe ilisubiri dhahabu ya pili ya Olimpiki hadi tarehe 12 Agosti 2012, siku Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni jijini London. Kiprotich alikuwa askari wa magereza. Aliporudi nyumbani alipandishwa cheo.